Nyumba ya Diani iliyokodishwa na asiye mwenyewe: uchambuzi wa kisa kimoja cha Desemba

Kisa tunachokichambua hapa si cha mtu mmoja. Kimeunganishwa kutokana na mbinu ambazo matapeli wa nyumba za likizo huzirudia Pwani ya Kenya kila mwisho wa mwaka, na viwango vya pesa vimewekwa ili msomaji aifuate hesabu. Tumechagua nyumba, si simu wala viatu, kwa sababu hasara yake huchelewa kuonekana. Aliyeagiza simu hewa hushtuka baada ya siku mbili tatu. Aliyelipia nyumba mapema Desemba hushtuka tarehe 27, yuko kwenye lango la watu, watoto wanalia na mabegi yako chini.

Ilivyokuwa

Mama mmoja wa Nairobi alipewa na nduguze kazi ya kutafuta nyumba Diani: watu wazima sita, watoto wanne, usiku sita kuanzia tarehe 27 Desemba hadi tarehe 2 Januari. Instagram ilimletea tangazo la nyumba ya vyumba vinne, paa la makuti, kidimbwi cha kuogelea na njia fupi ya kuteremkia ufuoni. Bei ilikuwa KSh 11,000 kwa usiku. Nyumba nyingine alizoulizia zilikuwa juu maradufu, lakini tangazo lilikuwa na maelezo: kuna mteja alishika tarehe hizo akaghairi, mwenye nyumba hataki ikae tupu.

Maelezo hayo ndiyo kazi ya kwanza ya tapeli. Bei ya chini isiyo na sababu humtia mtu shaka. Ikiwa na sababu, humfanya ajione amebahatika.

Mama huyu hakuwa mzembe, na hilo ndilo linalotufanya tukirefushe kisa hiki. Aliangalia wafuasi wa ukurasa, akakuta wamepita elfu kumi na tano. Alisoma maoni, yote ya shukrani. Aliomba video, akatumiwa. Aliomba ramani, akatumiwa alama iliyotua kwenye Diani Beach Road. Aliomba kitambulisho cha wakala, kikaja picha mbele na nyuma. Mazungumzo yalishahamia WhatsApp, na wakala alikuwa mtu wa adabu: “Dadangu, nikuwekee? Kuna familia ya Nakuru wanaitaka hiyo hiyo, ila wewe ndiwe uliyetangulia.”

Ijumaa jioni alilipa arbuni, nusu ya KSh 66,000, yaani KSh 33,000, kwenye nambari ya Till, yaani nambari ya M-PESA ya kupokelea malipo ya biashara. Jina lililotokea lilikuwa la duka la vipuri. Aliuliza, akaambiwa ndiyo biashara ya mwenye nyumba. Siku nne baadaye akaombwa KSh 10,000 za dhamana ya uharibifu, “zinarudi siku ya kuondoka”. Safari hii Till ilikuwa “ina shida”, kwa hiyo zikaenda kwenye nambari ya kawaida ya simu. Tarehe 24 ikaja ya mwisho: KSh 3,500 za usafi, na wakaombwa vitambulisho vya watu wazima wote ili askari wa lango awaandike. Vikatumwa. Jumla ya pesa ni KSh 46,500, na vitambulisho sita.

Tarehe 27 waliteremka treni Miritini, wakakodi gari hadi Diani. Alama ya ramani iliwafikisha kwenye lango la hoteli ambayo haikuwa na habari nao. Simu ya wakala ilikuwa imezimwa. Picha yake ya WhatsApp haikuonekana tena.

Alihakiki nini hasa

Rudia orodha ya alivyoangalia: wafuasi, maoni, video, ramani, kitambulisho. Vyote vitano vilitoka mkononi mwa tapeli. Kuhakiki kwa ushahidi uliochaguliwa na mtu unayemshuku si kuhakiki, hata ukikusanya vitu ishirini. Inatakiwa angalau kitu kimoja ambacho yeye hakukigusa wala hakujua kwamba utakitafuta.

Tuanze na wafuasi. Kurasa hununuliwa, na nyingine huibwa kwa wenyewe. Kwenye Instagram, gusa jina la mtumiaji juu ya ukurasa au nukta tatu, ufungue sehemu inayoeleza habari za akaunti. Utaona mwezi na mwaka ilipofunguliwa na nchi inakotumika, na mara nyingi utaona pia kama jina limewahi kubadilishwa. Facebook ina sehemu ya uwazi wa ukurasa inayoonyesha majina ya zamani na nchi wanakokaa wasimamizi wake. Ukurasa wa nyumba za Diani ambao mwaka jana ulikuwa wa mitindo ya nywele, au unaosimamiwa kutoka nchi isiyohusika kabisa, umeshajieleza. Maoni nayo hayana uzito kama mwenye ukurasa ana uwezo wa kuyafuta na kuwafungia watu. Anayeandika “huyu mwizi” hudumu dakika chache tu. Afadhali nenda kwenye picha ambazo watu wengine wameutaja ukurasa huo, au andika jina lake na nambari ya simu kwenye Google.

Picha na video. Hapa ndipo penye ushahidi mwingi, na watu hupita haraka. Chukua picha tatu au nne, siyo ile nzuri ya kwanza, uzipitishe kwenye Google Lens, chombo cha Google cha kutafuta mahali picha ilikokwisha kutumika. Picha ya kidimbwi mara nyingi imekatwa kingo au kugeuzwa kushoto-kulia ili isitambulike, lakini ya jikoni au ya bafu hawaihangaikii. Ikitokea nyumba ile ile kwa jina lingine, mji mwingine au bei nyingine, umemaliza kazi. Isipotokea, kaza macho. Soketi za Kenya ni za matundu matatu ya mstatili. Ukiona soketi ya matundu mawili ya mviringo kando ya kitanda, huenda nyumba hiyo haiko Diani. Fuata sakafu kutoka chumba hadi chumba: vigae vikibadilika rangi kila picha, umeletewa nyumba tatu zilizoshonwa kuwa moja. Hesabu madirisha ya sebule yakiwa ndani, kisha uyatafute kwenye picha ya nje.

Video iliyotumwa haithibitishi kitu, kwa sababu hupakuliwa kwenye kurasa za wenye nyumba halisi. Inayothibitisha ni simu ya video ya papo hapo, mpigaji akianzia nje ya lango, apite uani, aingie jikoni, afungue mfereji, atoke hadi kidimbwini bila kukata. Mwambie aende upande usiomo kwenye tangazo. Tapeli atasema mtandao ni mbaya, au nyumba ina wageni na hawataki kusumbuliwa. Sababu hiyo ya wageni inaweza kuwa ya kweli mwezi wa Desemba, kwa hiyo usimhukumu mtu kwayo peke yake. Omba apige saa nne asubuhi siku wageni wanapotoka na wengine hawajaingia. Mwenye nyumba ataipata nafasi hiyo.

Alama ya ramani. Yeyote anaweza kuweka alama popote. Ramani inasaidia ukiitumia kwa picha za setilaiti: tafuta paa, kidimbwi, umbo lake, umbali hadi mchangani. Kidimbwi chenye umbo la maharagwe kwenye tangazo hakiwezi kuwa mraba kikitazamwa kutoka juu. Na kama alama imetua katikati ya hoteli kubwa, piga simu ya mapokezi ya hoteli hiyo, nambari uitoe kwenye tovuti yake yenyewe.

Kitambulisho ndicho kilichomtuliza zaidi, nacho ndicho dhaifu kuliko vyote. Hicho ni kitambulisho cha mtu aliyetapeliwa mwezi uliotangulia, ambaye naye aliombwa akitume “kwa ajili ya askari wa lango”. Ndiyo sababu vitambulisho sita viliombwa siku tatu kabla ya safari: ni malighafi ya Januari na Pasaka.

Kuna jambo moja la nje ya simu ambalo lingeyamaliza yote. Ukunda, mji ulio karibu na ufuo wa Diani, umejaa bodaboda na tuktuk. Kumlipa dereva shilingi mia chache aende hadi langoni, amuulize askari nyumba hiyo ni ya nani na nani huikodisha, ni gharama isiyofika hata sehemu ndogo ya arbuni. Anayejua mtu Ukunda amtume; asiyejua aulize kwenye kanisa, msikiti au chama chake, hakosekani mwenye jamaa Kwale, kaunti iliyo na Diani. Nyumba ya kukodishia wageni kwa muda mfupi pia inatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Omba nambari ya leseni, kisha uwaulize mamlaka wenyewe, siyo wakala, kama ni yake.

Pesa ilipita wapi

Wakati fulani mama huyu aliuliza kwa nini wasilipane kupitia Airbnb, jukwaa la mtandaoni la kukodisha nyumba. Jibu lilikuwa: “Tupo huko pia, ila kule wanakata ada kubwa. Tukilipana hapa mimi na wewe tunaokoa.” Ni jibu linaloingia akilini, na hapo ndipo kisa kilipogeuka. Airbnb humshikilia mwenye nyumba malipo yake hadi takriban saa 24 baada ya mgeni kuingia. Muda huo ndio ulinzi wenyewe: ukifika ukakuta hakuna nyumba, pesa bado haijamfikia mtu. Ada inayolalamikiwa inanunua saa hizo. Anayekutoa nje ya jukwaa amekuomba uuache ulinzi huo, hata kama ni mkweli, na kanuni za jukwaa lenyewe zinakataza malipo ya nje.

Wapo wanaokubali kwa urahisi, halafu wakatuma kiungo. Ukiacha https:// ya mwanzo, soma anwani kabla ya mkwaju (/) wa kwanza, ukianzia kulia kurudi kushoto. Kinachoonyesha tovuti ni ya nani ni maneno mawili ya mwisho (matatu kwa anwani kama za .co.ke), siyo ya mwanzo. Ukikuta airbnb.com imefuatwa na kistari au nukta na maneno mengine kabla ya mkwaju, hiyo ni tovuti ya mtu mwingine iliyovaa jina. Dawa rahisi ni kutogusa kiungo kabisa: fungua programu yako, tafuta nyumba kwa jina. Haipo humo, haipo.

Sasa Till. Watu wengi huiamini kuliko nambari ya simu kwa sababu imesajiliwa kwa biashara. Imesajiliwa kweli, ila usajili unaweza kuwa kwa karatasi za mtu mwingine, na pesa ikishaingia huhamishwa na kutolewa kwa mawakala ndani ya dakika chache. Kitu cha maana kwenye Till ni jina linalotokea kabla hujathibitisha. Duka la vipuri halikodishi nyumba ya ufuoni. Jina likikataa kulingana, ghairi hapo hapo, usiulize. Ukiuliza utapewa jibu, na jibu litakuwa zuri. Kuhama kutoka Till kwenda nambari ya kawaida kwenye malipo ya pili kulikuwa dalili kubwa kuliko zote, kwa maana huenda Till ilikuwa imeshalalamikiwa na wengine.

Kuhusu ukubwa wa arbuni tusidanganyane: wenye nyumba wa kweli nao huomba nusu msimu huu, wengine zote. Nusu si dalili ya utapeli. Lakini kwa mtu ambaye hujawahi kukaa kwake, nje ya jukwaa lolote, maoni yetu ni usiku mmoja basi, salio mkikutana mlangoni. Akikataa, tafuta nyingine, hata kama ya kwake ni ya kweli.

Saa ya kwanza, na zile zilizobaki

Laiti angeshtuka Ijumaa ile jioni, kungekuwa na la kufanya. Ujumbe wa M-PESA wa muamala husambazwa kwenda 456 kuomba pesa irudishwe. Kama bado imo kwenye akaunti ya mpokeaji, kuna nafasi, ikishatolewa, hakuna. Tena utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya pesa iliyokwenda kwa makosa, kwa hiyo malipo uliyoyafanya kwa hiari kwa “mfanyabiashara” ni magumu zaidi kuyarudisha, hasa ya Till. Jaribu bado, na upige 234 ueleze kwamba ni utapeli. Nambari ya tapeli itume 333, ambako Safaricom hupokea taarifa za ulaghai. Hailipwi.

Baada ya wiki tatu kilichobaki ni ushahidi, na watu huuharibu kwa hasira. Jambo la kwanza wanalofanya ni kumtukana mtu kisha kumfungia, na gumzo linapotea au ukurasa unafichwa. Kabla ya neno lolote, hamisha gumzo zima la WhatsApp kama faili pamoja na picha zake, litume kwenye baruapepe yako. Nakili anwani kamili ya ukurasa, siyo jina tu, maana jina litabadilishwa usiku huo. Skrinshoti ya tangazo ionyeshe tarehe. Andika misimbo ya miamala yote mitatu, saa na jina lililotokea. Peleka hayo kituo chochote cha polisi, hata kile cha Diani ulipokwama, na usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Bila hiyo hakuna atakayekusikiliza baadaye. Sheria inayotumika ni ile ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, hupokea taarifa bila malipo kwa 0800 722 203.

Tuseme ukweli: KSh 46,500 kwa mtu mmoja mara chache hufunguliwa kesi peke yake. Lakini Till moja ikilalamikiwa na watu kumi, kila mmoja na OB yake, ni faili tofauti kabisa. Ndiyo maana inafaa kuripoti hata kama umeshakata tamaa na pesa.

Wezi wa pili

Siku moja baada ya mama huyu kuandika kilio chake Facebook, alipata majibu matatu ya kumwelekeza kwa “mtaalamu wa mtandao aliyenirudishia pesa zangu zote”. Mtaalamu alitaka KSh 5,000 za kuanzia. Hakuna raia mwenye uwezo wa kuingia M-PESA na kuchukua pesa iliyotolewa. Mara nyingi ni kundi lile lile, au lililouziwa orodha ya walioumia.

Wa pili alipiga simu akijitambulisha kuwa ni wa Safaricom, ana ombi lake la kurudishiwa, anahitaji tu athibitishe PIN. Safaricom hupigia wateja kwa 0722 000 000 peke yake, na PIN haiulizwi na mtu yeyote. Mpigaji alikuwa na jina kamili la mama huyu na nambari yake ya kitambulisho, na hivyo ndivyo vilivyomfanya aonekane wa kweli. Vilitoka kwenye picha ambazo mama alizituma tarehe 24.

Kwa hiyo wote sita waliotuma vitambulisho wana kazi. Wapige *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao na kukana wasizozijua. Wapige *100*100# kuzuia laini yao isibadilishwe kwa wakala, ili mwizi asiihamishie namba kwenye kadi nyingine akafungua M-PESA. Wabadilishe PIN kama ni mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu mwaka huo uko kwenye kitambulisho.

Kwa walio mbali

Jamaa walioko Uingereza, Marekani au Ghuba wanaokuja nyumbani Desemba huwindwa zaidi, kwa kuwa hawana wa kumtuma langoni na bei ya tapeli huonekana ndogo kwao. Wao wana kinga ambayo mlipaji wa M-PESA hana: kadi. Malipo ya kadi yanaweza kupingwa benki ukiwa na ushahidi wa gumzo na tangazo. Pesa iliyotumwa kwa huduma za kutuma pesa na ikapokelewa haina njia hiyo, na ndiyo tapeli atakayoipendekeza. Wajihadhari pia na ujumbe unaoonekana kutoka hoteli waliyoihifadhi kweli ukiwataka “kuthibitisha kadi” kupitia kiungo. Akaunti za hoteli huvamiwa, na ujumbe huo huja ndani ya mazungumzo halisi.

Mtego huu huu uko Unguja kwa nyumba za Nungwi na Paje. Kwa Tanzania, ujumbe au nambari ya utapeli huripotiwa kwa 15040, nambari ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Na mwenye nyumba halisi, ambaye picha zake ndizo zilizotumika, hupata shida yake: wageni wa kudanganywa wakigonga lango usiku, wakimwona yeye ndiye mwizi. Akiandika jina la nyumba na nambari yake katikati ya kila picha, juu ya maji ya kidimbwi, siyo pembeni panapokatika, picha hizo hazitamfaa tapeli tena. Akiripoti ukurasa wa uongo, achague kwamba picha zake zimeibwa, na familia zilizoumia ziripoti ukurasa huo huo kwa sababu ya utapeli. Ukifungwa, hurudi kwa jina jipya kabla ya Pasaka, mara nyingi na picha zile zile. Kwa hiyo zipitishe tena kwenye Google Lens mwezi Machi, na *106# ipigwe tena wakati huo, maana vitambulisho vilivyoibwa Desemba si lazima vitumike Januari.